Gari la Viti Viwili Siku ya Kumleta Mtoto

Wewe uliye karibu, vuta kiti usikilize, na wewe wa mbali soma polepole: leo nimeumbuka.

Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa nimelala na kuku. (Tulia. Nitaeleza yote, moja baada ya jingine.) Ninaandika haraka kwa sababu Kasimu, dereva wa kamio, ameona kila kitu kwa macho yake, na kesho anapeleka mizigo Lubutu. Mnamjua Kasimu. Akifika Lubutu atasema nililala na kuku sita. Alikuwa mmoja!

Wengi wenu mnanijua mimi Alufonsi kama mwalimu wa gari. Nusu ya wenye permi ya kuendesha hapa Kindu wameshika usukani mara ya kwanza wakiwa kando yangu. Nimewaambia mara ngapi: gari halitaki hasira, linataka subira; ukikosea gia usijilaumu, anza tena. Basi leo mwalimu wenu ameanguka mtihani wa kuhesabu mpaka nne.

Habari yenyewe ni hii. Mke wangu Feza alikwenda kujifungua kwa mama yake, kijijini, kwenye njia ya Kailo. Akazaa mtoto wa kiume, wa kwanza wetu. Wiki iliyopita nilikwenda kuwaleta nyumbani kwa kamioneti yangu kuukuu. Kamioneti ikafika, ikakohoa mara mbili, ikafia uani kwa wakwe. Shemeji zangu walinisukuma mpaka barabarani. Tangu siku hiyo haijawaka tena.

Sasa, ni lazima uelewe jambo moja kuhusu mama mkwe wangu. Kwetu, mkwe na mama mkwe ni heshima tupu. Hawaketi bega kwa bega. Hawatajani majina. Hata kama wamesimama hatua tatu, neno hupitia kwa mtu wa tatu. Basi siku ile mama alimgeukia Feza, nami nikiwa palepale, akasema:

"Feza, ambia bwana yako. Mutoto hatapanda ile kitu ya moshi. Alete mutuka muzima siku ya leo juma ijayo. Kama haiko, mutoto anabaki hapa mpaka mvua ikwishe."

Mpaka mvua iishe! Ndugu zangu, mvua za huku mnazijua. Mtoto angeota meno bila mimi.

Juma limetimia leo. Asubuhi nikakimbilia kwa Sefu, yule fundi wa magari aliye nyuma ya soko. Sefu alikuwa na gari aliloachiwa aliuze na Mzungu mmoja aliyerudi Ulaya. Nilipoliona nikasahau nilichokuja kutafuta. Gari jekundu, la milango miwili, la mbio. Refu mbele, limelala chini kama paka anayevizia panya. Saa ya mwendo imeandikwa mpaka mia mbili. (Barabara yetu ya Kailo hairuhusu hata arobaini, lakini nani alikuwa anafikiri barabara?)

"Alufonsi, ndugu yangu," Sefu akasema, akilipangusa kwa mkono wa shati, "hii haiko mutuka. Hii iko risasi."

"Nataka kulijaribu. Naenda kuleta mke na mtoto."

"Jaribu mpaka alasiri. Lakini mimi niko ndani. Siachi mutoto wangu na muntu."

Nikafanya ukaguzi wote ninaowafundisha. Mafuta ya injini, maji, matairi, taa, honi. Nililala chini nikatazama tumbo lake. Nilikanyaga breki mara kumi. Nilisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Mimi kiti cha dereva, Sefu kiti cha pili. Nyuma yetu palikuwa na kirafu kidogo cha kuwekea begi. Nikakitazama vizuri kabisa. Nikasema moyoni, begi litakaa hapa. (Ndiyo. Hapo ndipo akili ilipokuwa inanipigia honi, nami sikusikia.)

Tukaondoka. Nikagusa petroli kwa ncha ya kiatu. Ncha tu! Gari likaruka, tumbo langu likabaki Kindu, likatufikia baada ya daraja. Nilipata furaha niliyokuwa sijaipata tangu harusi. Nikapunga mkono kwa kila mtu barabarani: akina mama wenye mizigo ya muhogo, watu wa baiskeli, watoto. Hakuna aliyejibu.

"Mbona leo watu wana kiburi?" nikauliza.

"Acha kupunga," Sefu akasema. "Kiti kiko chini. Wanaona vidole tu."

Tulipoingia uani kwa wakwe, nilizima injini nikatoka kama mtu anayetoka kisimani, mikono kwanza. Ukoo wote ulikuwa umekusanyika. Mama mkwe alikuja, kitambaa kipya kichwani. Ni mama mnene, mwenye mwendo wa taratibu, na macho yasiyokosea. Akazunguka gari mara moja. Akazunguka mara ya pili. Akasimama nyuma, akatazama njia tuliyotokea.

"Feza," akasema, "uliza bwana yako. Ile nusu ingine inafika saa ngapi?"

"Nusu gani, mama?"

"Nusu ya mutuka. Hii wameikata."

Shemeji zangu walikwenda nyuma ya jiko kucheka. Niliwasikia.

Nikaanza kueleza kwa upole, kama darasani. "Feza, mwambie mama kwamba gari la mbio huwa fupi ili upepo upite." Mama akajibu kwamba yeye haleti upepo, analeta mjukuu. Na hapo ndipo nilipokumbuka. Kwao mtoto wa kwanza huja kwa baba yake mikononi mwa bibi. Bibi mwenyewe humkabidhi mlangoni, baba akiwa pale. Nilikuwa ninajua. Nilikuwa ninajua tangu siku ya mahari! Ila tangu asubuhi nilikuwa ninajua breki tu.

Hebu tuhesabu pamoja, taratibu. Sefu, mimi, Feza, mama na mtoto mikononi. Viti viwili.

Nikiendesha mimi, mama anaketi kando yangu, bega kwa bega, mpaka mjini. Haiwezekani hata kufikiri. Mama akaweka goti lake kwenye kirafu cha nyuma. Goti tu likajaza kirafu. Safari mbili? Sefu akatikisa kichwa: petroli iliyobaki ilitosha kurudi mara moja, maana gari lile linakunywa kama wageni wa harusi.

"Basi Sefu aendeshe," nikasema. "Mama kiti cha mbele na mtoto. Feza kirafuni."

"Mimi?" Feza akasema. "Nimezaa mutoto juzi tu, leo unanikunja kama shuka?"

"Njia ni fupi, Feza."

"Na weye utaikala wapi?"

Nikasema nitafuata kwa baiskeli ya shemeji. Mama mkwe akaigeukia miti ya kahawa, akaiambia miti hiyo: "Mutoto hawezi kutangulia baba yake nyumbani. Kama baba anabaki njiani, na sisi tunabaki."

Mbingu zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi upande wa Kailo. Shemeji mmoja akaanza kurudisha mabegi ya Feza ndani. Sefu akaenda nyuma ya gari akafungua buti.

Ndugu zangu, msiniulize niliingiaje. Magoti yalifika masikioni. Wakaniwekea mkungu wa ndizi mgongoni, bakuli la mchele kichwani, na kuku wa zawadi, amefungwa miguu, kifuani mwangu. Kifuniko hakikufunga, kwa hiyo Sefu akakifunga kwa kamba, akiacha nafasi ya kiganja kimoja ili nipumue. (Ikiwa siku moja utasafiri hivyo, geuza uso nje. Hilo nilifanya vizuri.)

Uso wangu ukawa unatazama nyuma. Na sasa, wapenzi wasikilizaji, kila mtu akaniona! Akina mama wa muhogo wakatua mizigo. Watu wa baiskeli wakashuka. Watoto wakakimbia nyuma yetu wakiimba kitu ambacho sitakiandika. Kila shimo, bakuli lilinigonga. Kila kona, kuku alinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyemwalika.

Karibu na kuingia mjini, wafanyakazi wa barabara walikuwa wanajaza mashimo, na polisi mmoja alisimamisha magari. Tukasimama. Nyuma yetu kamio ikasimama, taa zake hatua mbili kutoka usoni mwangu. Nikainua macho. Kasimu! Kasimu niliyemfundisha mwenyewe! Na juu ya mizigo, watu kumi na zaidi.

"Mwalimu?" Kasimu akatoa kichwa nje. "Ni weye?"

Nikafumba macho. Nilidhani akiona nimefumba, hataniona.

"Mwalimu, hiyo njo gia ya ngapi?"

Kamio yote ikalipuka. Kelele zikamleta polisi. Alikuwa kijana mgeni, ametoka mbali, upande wa Ekwateri, na hakumjua mtu. Akainama, akaona uso, akaona kuku.

"Ah! Mwizi wa kuku!"

"Hapana, afande. Mimi ni mkwe."

"Mwizi yote iko mukwe ya muntu. Buku yako iko wapi?"

"Nimeilalia." (Kitambulisho kilikuwa mfuko wa nyuma, na mfuko wa nyuma ulikuwa chini ya mkungu wa ndizi.)

Polisi akaenda mbele kumwuliza Sefu. Sefu alikuwa ameweka paji la uso juu ya usukani, mabega yanatikisika, machozi yanatoka. Hakuweza kusema neno kwa kucheka. Polisi akamhurumia.

"Ona, mwenye mutuka analia. Pole, baba, tumemukamata."

"Ule njo bwana yangu!" sauti ya Feza ikatoka kirafuni.

Polisi akaruka. "Na huku iko mwingine? Mumeficha bantu ngapi?"

Feza hakuweza kutoka mpaka mama atoke, na mama hakuweza kutoka, kiti kile ni kisima. Basi polisi akamwinamia mama, kwa heshima kabisa.

"Mama, unamujua yule muntu wa nyuma?"

"Ninamujua."

"Jina lake nani?"

Mama akageuza uso, akavuta kitambaa mpaka puani. Jina la mkwe, litoke kinywani mwake, barabarani, mbele ya kamio nzima? Afadhali afe.

"Sitasema," akajibu.

"Mumesikia?" polisi akawatangazia watu. "Hata jina lake linachafua kinywa! Mufungue kamba. Anaenda boloko."

Hapo sikucheka tena, na wewe usicheke. Mtoto haingii nyumba ya baba aliyefungwa boloko. Mama angegeuza njia, hata kwa miguu, na mimi ningeusikia wimbo wa mvua peke yangu mpaka mwisho wake. Nikaita kwa sauti: "Afande, mwulize Kasimu!" Na Kasimu, mwanafunzi wangu, mtoto wangu wa usukani, akajibu kutoka juu: "Mimi? Huyu kuku namujua. Ule mwingine, hapana!"

Hakika nitamkumbusha Kasimu hilo siku atakapotaka kubadilisha permi.

Ndipo mama mkwe akasema, polepole: "Weye mutoto wa polisi. Kuja hapa. Shika."

Akamweka mjukuu mikononi mwake. Polisi akashika kama mtu aliyepewa bomu.

"Jina sitasema," mama akaendelea. "Lakini pua yake njo hiyo. Beba hiyo pua, peleka nyuma, linganisha."

Polisi akaja nyuma na mtoto. Akatazama mtoto. Akanitazama. Akamtazama mtoto tena. Mnaijua pua yangu. Imelala kushoto kama nyumba iliyosukumwa na upepo. Ya mtoto imelala kushoto vilevile. Mtoto akapiga chafya. Vumbi likaniingia, na mimi nikapiga chafya. Hata kuku alishtuka.

"Eh," polisi akasema. "Eh! Iko moja!"

Watu wakashuka kwenye kamio kuja kuhakikisha. Wafanyakazi wa barabara wakaacha mashimo yao. Walipanga foleni, ndugu zangu. Foleni! Kila mmoja alitazama pua mbili, akapiga makofi, akampisha mwenzake. Polisi akatupigia saluti akatufungulia njia. Saluti ilikuwa ya mtoto.

Nyumbani ilichukua wanawake watatu kumtoa mama kitini. Mimi nilitolewa na Sefu peke yake, kwa kuvutwa miguu. Nikasimama mlangoni, mchele nyweleni, manyoya shingoni. Mama akanikabidhi mwanangu. Kisha akamgeukia Feza.

"Ambia bwana yako. Mutoto anabaki, na weye unabaki. Muntu mwenye kukubali kulala na kuku kusudi mutoto wake aikale muzuri, ule njo baba. Lakini ile mutuka nisiione tena hapa."

Sefu alikuwa bado anapangusa machozi. "Sasa, Alufonsi, unainunua?"

Nilimtazama mke wangu, ambaye shingo yake ilikuwa bado imelala upande mmoja kwa sababu ya kirafu. Sikuhitaji kujibu.

Haya, nimemaliza. Cheka kidogo, halafu basi. Lakini na wewe usikate tamaa. Kujaribu gari si kazi ngumu, ila uifanye kwa utaratibu wake. Siku utakapokwenda, usiwashe injini kwanza. Ita watu wote wa nyumbani kwako, waketishe ndani mmoja mmoja, funga milango, kisha tazama nani amebaki nje. Kama aliyebaki ni wewe, rudisha ufunguo.