Mrithi Halali wa Jiko la Mama Kontxexi

Jumatatu, 3 Machi

Leo mgahawa umefungwa. Mama katangaza mezani kabla sijamaliza supu: mikono imechoka, Jumapili atamtaja wa kurithi nyumba na jiko. Mmoja tu! Kwetu nyumba haigawanywi. Mmoja huchukua yote, wengine huchukua baraka. Na tuko wawili: mimi Kepa, kifungua mimba, mhudumu wa mvinyo, na mdogo wangu Maddi, mpishi.

Mtihani ni mchuzi wa nyumbani. Samaki wa chumvi, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, basi. Unatikisa chungu mpaka mafuta yenyewe yageuke mazito na meupe. Sijawahi kuupika. Lakini miaka yote naupeleka mezani mimi. Kuna ugumu gani?

Jumanne, 4 Machi

Nimewahi sokoni. Nimechukua minofu minene, myeupe, bila mwiba wala ngozi. Bei yake usiulize! Maddi kaja nyuma yangu, kaokota vipande vyenye ngozi, vibaya, vimekunjamana. Nikamcheka kimoyomoyo. Maskini, hana jicho.

Sasa samaki wote wamelowekwa kutoa chumvi. Wangu anapendeza zaidi, hata ndani ya maji.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimejaribu kwenye chama chetu cha wanaume, tulikokodi jiko ili tupike bila kusimangwa na wake zetu. Nimetikisa. Nimetikisa tena. Mafuta kivyake, samaki kivyake, kama mke na mume walionuniana. Joseba, mwenyekiti wetu, akasema kiwiko changu kigumu. Wivu tu huo.

Nimerudi nyumbani bega linauma. Nikamwona Maddi akipika mchuzi uleule huku akicheka na mwosha vyombo. Ukashika, mzito na mweupe! Nikatazama vizuri. Kumbe! Anatumia kile chungu cha udongo cha bibi yetu, cheusi, chenye ufa ukingoni. Siri ni chungu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebadilisha vyungu. Cha bibi kiko chini ya kitanda changu. Jikoni nimeweka kingine cha dukani, nikakipaka masizi na kukikwangua ukingoni. Hakuna aliyeshtuka. Kwa akili hizi nilipaswa kuwa waziri.

Jioni Maddi kapikia chungu changu cha bandia. Nikasubiri aibu. Haikuja. Wageni wa meza ya dirishani walifuta sahani kwa mkate, kisha mzee mmoja akaomba nimwachie sahani tupu aiangalie kidogo. Sahani nyingine ilirudi na kipande cha samaki. Nikakila nyuma ya mlango, nimesimama. Mchuzi wa bibi uleule, lakini mwepesi, na chini yake njegere changa za pwani, zinapasuka mdomoni moja moja. Nilimkumbuka bibi mpaka nikashika ukuta. Mtoto yule anajua kupika, sikatai. Nani kamfundisha kumweka bibi yetu kwenye kijiko kimoja?

Chungu cha bandia, bahati tu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejaribu kwa chungu cha bibi. Mafuta kivyake! Joseba akachungulia, akauliza ngozi iko wapi, maana utomvu wa ngozi ndio unaoufanya mchuzi ushike, hata mtoto wa hapa anajua. Nikamwambia mimi napika kisasa. Akaenda zake anatikisa kichwa.

Nimepata dawa. Unga wa ngano, vijiko viwili. Mchuzi umesimama wima.

Jumapili, 9 Machi

Nimetangulia mimi, kifungua mimba. Mama kachota, kageuza kijiko juu chini. Mchuzi haukudondoka. Nikatabasamu. Akanitazama kwa huruma.

"Kepa mwanangu, nani mgonjwa humu ndani?"

Nikasema hakuna.

"Basi uji huu wa nani?"

Kisha Maddi. Hakuna haraka, hakuna jasho. Vifundo vya mikono vinazunguka polepole, mafuta yanafifia, yanakuwa maziwa. Hata mimi nilisahau kumwombea mabaya. Mama kaonja, kafumba macho, kavua aproni, kamfunga Maddi kiunoni. Nyumba imepata mwenyewe. Imeniuma, na nimeona fahari, vyote kwa pamoja, na machozi nikayasingizia vitunguu.

Maddi akanifuata pembeni. "Kaka, usiondoke. Bila maneno yako pale mezani, kwa kimya hicho wageni watadhani wako hospitali." Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshakubali.

Mama naye akaniambia chungu cha chini ya kitanda nikae nacho tu, ni zawadi. Cha bibi kilivunjika zamani. Hicho alikinunua mnadani, ufa ukiwa wa bure.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala nikiwaza. Nimekosea kote. Si ngozi, si mikono, na chungu hakika si chenyewe.

Ni mwiko! Mwiko wa Mama umetundikwa juu ya jiko tangu nizaliwe. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona Mama wala Maddi akiutia kwenye mchuzi ule, hata mara moja. Kwa nini wauache? Wananificha!

Ninao ndani ya koti. Kesho asubuhi, chamani. Unga ninao bado.