Babu Yangu wa Rasini

Jumatatu, 3 Juni
Nimechoka. Kutembeza wageni hapa rasini ni kupigwa na upepo bure. Leo wote wamemfuata Darubini, mwenzangu wa kazi, kwa sababu yeye ana darubini na mimi nina mdomo tu. Wanapanga foleni kutazama bahari ileile wanayoiona kwa macho. Hata binti muuza chai kamjazia kikombe. Mimi nusu. Nataka kumuoa binti huyu kabla Darubini hajaamka. Dada yangu anasema niende nikamwambie. Hivyo hivyo? Jambo la maana haliendi bila mpango.

Jumanne, 4 Juni
Mpango umejipa. Kwenye jiwe la kumbukumbu la nahodha aliyezama na meli yake, nimewaambia wageni kwamba marehemu ni babu yangu, mzaa baba. Nikafuta jicho. Upepo ulisaidia. Wageni wote wakahamia kwangu, Darubini akabaki anatazama ndege peke yake. Muuza chai akaacha kumimina, akauliza kama nasema kweli. Nikamjibu damu nzito kuliko maji. Akaondoka macho yamelowa. Huyo ni wangu.

Jumatano, 5 Juni
Shangazi wa muuza chai anataka kuniona kesho. Haraka kiasi hiki! Shati nimepiga pasi mwenyewe. Dada kakataa, anasema nanuka uongo.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Nahodha ni baba yake shangazi, yaani ni babu wa muuza chai. Kumbe marehemu aliacha mtoto mwingine bandari ya mbali, na ukoo umemtafuta miaka yote. Shangazi alinishika masikio, akasema ni yaleyale ya baba, akalia. Nilitaka kusema ukweli, lakini alishasema sasa atakufa ametulia. Unaanzaje? Muuza chai akaniita kaka. Kwao watoto wa ndugu hawaoani, hata kuwaza ni aibu. Chai sasa napewa kikombe kizima. Haishuki.

Jumamosi, 8 Juni
Darubini kaja nyumbani, kavaa soksi. Anamtaka muuza chai. Alikwenda tu akamwambia, naye kakubali. Baba wa binti ni marehemu, na shangazi kasema msemaji wa ukoo sasa ni mimi, mwanamume pekee aliyebaki. Nikaomba muda wa kufikiri. Jioni binti akaja mwenyewe, akanisihi nisimwangushe, maana hajawahi kuwa na kaka wa kumsemea. Sijawahi kumpenda kama saa ile. Nikatoa idhini. Nimeumia, sifichi. Darubini ananiita shemeji.

Jumapili, 9 Juni
Dada kanitaka niende kwa shangazi nikaseme yote. Nitakwenda, harusi ikipita. Leo rasini kaja mpiga picha mpya, binti mpole, mcheshi. Kasimama kwenye jiwe la mlinzi wa mnara wa taa, kauliza alikuwa mtu wa namna gani. Mimi si mjinga wa kurudia kosa. Nimemwambia alikuwa babu yangu, ila huyu ni mzaa mama.