Santuri Iliyonguruma Chumbani Kwangu

Jumanne, tarehe 4

Nimepata mpango! Leo kaja mzee mmoja dukani, miwani mizito kama vitako vya chupa. Duka naliita mimi. Ni meza kando ya barabara: redio zilizochoka, pasi zisizopata moto, rimoti za televisheni ambazo zenyewe zilishakufa. Kaniuliza kama nina santuri. Nikamwambia tele. Ninazo tatu.

Kazichambua, kashusha pumzi. Kumbe anatafuta moja tu, ya yule Fundi wa muziki wa mitambo. Kanisimulia hadi mguu ukafa ganzi. Fundi alijifungia na mashine zake, hakuna ngoma, hakuna gitaa, umeme mtupu. Santuri ikatengenezwa. Akagombana na kampuni, ikazuiwa isitoke. Zikabaki chache za majaribio, hazijulikani ziko wapi. Fundi naye kapotea.

Nikamuuliza inasikikaje. Kasema hakuna anayejua. Watu wanasema inanguruma.

Hakuna anayejua! Nikamuuliza tena. Hakuna!

Nikamwambia, mzee wangu, mimi ninayo nyumbani.

Sijui ilinitokaje. Ilitoka tu, kama chafya. Kasema Ijumaa atakuja kusikiliza.

Alhamisi, tarehe 6

Kazi. Nimechukua santuri ya mafunzo ya hesabu, nimekwangua karatasi ya katikati kwa kisu, nimebandika nyeusi. Imependeza, hata mimi ningeinunua. Mashine ya kuchezea ninayo. Sindano haina. Inazunguka tu, lakini inazunguka kwa heshima.

Tatizo ni sauti. Nimegonga sufuria na kijiko, nikarekodi kwa simu. Ikasikika kama sufuria na kijiko. Nikapuliza chupa. Hovyo. Nikakaa kitandani, nimekata tamaa kabisa, kichwa mikononi. Ndipo friji ikaanza.

Mama watoto alipohama na wanangu alibeba kila kitu, hadi pazia, hadi misumari ya pazia. Friji kaiacha. Alisema bora alale na trekta. Tangu hapo tunaishi wawili, mimi na friji, na yeye ndiye msemaji.

Nimemrekodi! Anaanza chini chini, anapanda, anatetemeka, anaguna, ananyamaza kama amekumbuka jambo. Katikati nimekohoa. Sikurudia, chaji ilikuwa inaisha. Simu na spika ndogo vitakaa chini ya kitanda. Juu, santuri itazunguka. Shule niliiacha mapema, lakini akili haikuniacha.

Ijumaa, tarehe 7

Yule mzee, Miwani namwita, kaja jioni na wenzake. Nimewaketisha kitandani, hakuna kwingine. Nikatoa masharti: mtu asisogelee mashine, santuri ina umri, pumzi za watu zinaiharibu. Wakaitikia kama wako msikitini. Wakafumba macho.

Ikaenda vizuri mno. Friji ya kweli nayo ikawaka, pale pale kwenye kona, ikaitikia ile ya kwenye simu. Nikajua nimekwisha. Miwani akanong'ona kwamba sauti inatoka pande zote. Kasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Mimi nakisikia kila siku!

Halafu umeme ukakatika.

Giza. Friji kimya. Santuri ikasimama. Ngurumo ikaendelea! Chini ya kitanda, chini ya makalio yao, chaji imejaa. Nikatafuta mlango kwa mkono. Na mimi nikiwa hapo mlangoni nimebana pumzi, kikohozi changu kikasikika kutoka kitandani.

Miwani kanikamata mkono. Nikajiandaa kupiga magoti. Kumbe analia! Kasema ndivyo ilivyosemwa siku zote, mitambo ile ilikuwa inajiwekea umeme wake. Na aliyekohoa ni Fundi mwenyewe. Wote wakasema ndiyo, ndiyo, Fundi huyo, hata kikohozi kina busara.

Wakati wa kuondoka mmoja wao kasuuza vikombe, kavipindua juu ya meza. Sijui kwa nini naandika hilo. Vizuri tu kuviona vimepinduliwa vingi hivyo.

Jumapili, tarehe 9

Wamejaa! Kitandani, sakafuni, dirishani. Kinyozi wa mtaa wa nyuma pia kaja, yule anayeniita Bwana Pasi Baridi mbele za watu. Leo kavua kofia. Kaketi karibu na friji, kwa adabu zake zote, mkono kwenye mfuko wa shati.

Miwani kataja bei. Bei nzuri, ya kunihamisha chumba. Nikafungua mdomo kusema chukua mzee wangu, mdomo ukasema haiuzwi.

Haiuzwi! Mimi! Niliyewahi kuuza feni isiyo na mapanga!

Nimejiambia kwamba napandisha bei tu. Ujanja wa biashara. Lakini nikiuza leo, kesho nani atabisha hodi hapa? Chumba kinanuka watu. Sijafungua dirisha tangu waondoke.

Jumatano, tarehe 12

Hakuna aliyekuja. Juzi hakuna, jana hakuna. Nilichemsha maji ya chai ya watu wengi, nimeyanywa mwenyewe hadi tumbo likawa linapiga mawimbi. Nikaizungusha santuri peke yangu. Ukisikiliza peke yako, ni friji tu.

Leo nimepata habari. Kinyozi naye anayo! Nakala nyingine, wanasema safi kuliko yangu. Na ana viti! Vile vya kuzunguka! Nikaenda mbio kumuumbua.

Pamejaa hadi nje. Nikajipenyeza, nikasikiliza. Friji yangu! Ile ile! Anapanda, anatetemeka, anaguna. Na kikohozi changu katikati! Mwizi karekodi Jumapili, simu mfukoni, kofia mkononi.

Nikanyoosha kidole kumwita mwizi. Neno likafika kwenye meno, likarudi. Mwizi wa nini? Wa friji? Kinyozi akanitazama kupitia kioo, kitana mkononi, akaniuliza Bwana Pasi Baridi ana la kusema au miguu inamuuma. Nikasema sauti ni nzuri, hongera ndugu yangu.

Halafu wakaanza kulinganisha. Wakasema kikohozi cha kwa Kinyozi ndicho cha Fundi. Cha kwangu cha kuigiza. Cha kuigiza! Uchungu ukanishika, nikakohoa palepale, kikohozi changu halisi, ili wasikie. Wakanigeukia wote wakaniambia ninyamaze, nawaharibia santuri.

Miwani alikuwepo. Kanisogezea nafasi kwenye benchi. Sikukaa. Nina heshima zangu.

Alhamisi, tarehe 13

Mpango mpya! Mkubwa! Fundi mwenyewe yu hai, na Jumamosi anakuja chumbani kwangu kuamua santuri ipi ya kweli.

Nimemwambia mama muuza vocha peke yake, nikamwapisha asimwambie mtu. Chai yangu haijapoa, mshona viatu kaja kuniambia siri: Fundi anakuja, ana ndevu hadi kifuani, anakuja na mitambo kwenye gari. Nikashangaa pamoja naye. Hizo ndevu sikuziweka mimi.

Jumamosi, tarehe 15

Wamerudi wote! Kinyozi kaleta hata viti vyake, kavibeba mwenyewe kichwani. Kaketi ubavuni kwangu, kaniuliza kwa sauti ndogo kama Fundi ni mkali. Nikamwambia mkali sana. Akainama kufuta viatu vyake. Nami nikafuta vyangu!

Kila hatua ya mtu ukumbini tukasimama wote. Mimi wa kwanza. Mara ni jirani na ndoo, mara ni mtu kakosea mlango. Tukakaa tena, tukacheka. Watu wakapiga soga. Mmoja kanirekebishia kitasa cha dirisha, mwingine kahadithia harusi yake hadi tukashika mbavu. Hakuna aliyeomba santuri ipigwe. Mchana ukapita kama upepo.

Jua lilipoinama wakaanza kuaga. Nikawatangazia kwamba Fundi kachelewa njiani, atakuja Jumamosi ijayo. Wakasema hamna neno.

Miwani kabaki. Akazungusha kofia yake mikononi. Kasema kwake nako ni kimya, mkewe alishatangulia, watoto wako mbali. Kaniuliza kama anaweza kuja siku nyingine yoyote, santuri iwepo isiwepo, tukae tu.

Tukae tu! Nikamtazama mzee yule kwa makini. Mtu avuke mji mzima aje kukaa na mimi, bure, bila kitu cha kusikiliza? Ana njama! Anataka kujua mashine inakaaje nikiwa sijajiandaa. Nikamwambia kwa upole kwamba siku nyingine nina shughuli nyingi, aje Jumamosi kama wenzake. Kashukuru, kavaa kofia, kaondoka polepole. Karibu anikamate!

Nimefagia. Viti vya Kinyozi nimevipanga ukutani, kimoja nimekielekeza mlangoni. Fundi huyo, huwezi kujua, labda habari zimemfikia. Nimejikuta nasikiliza hatua za ukumbini.

Akija, simwachii hivi hivi. Namuuzia santuri.