Cheni ya Kwenda Polepole

Ijumaa, 12 Septemba

Cheni imekatika. Sokoni! Mbele ya duka la Poltu Samaddar! Nilikuwa nimesimama juu ya pedali ili nionekane mrefu. Mara kraa! Nikajikuta nimekalia bomba la baiskeli kwa namna ambayo mwanamume hapaswi kukalia kitu. Poltu, yule tabibu wa vidonge vitamu, alitoka nje kunipa pole. Pole gani ile? Alicheka mpaka akashikilia mlango. Akaniuliza kama nahitaji dawa, na kama ni ya kunywa au ya kupaka, na kama ni ya kupaka, apake nani.

Nyumbani, habari nyingine. Mke wangu Shefali anasema baba yake anakuja Jumatano, sikukuu ya Bishwakarma, mungu wa mafundi. Mzee Tarapada! Gadi mstaafu wa treni. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kunitazama bila kuhema kwanza, ile pumzi ndefu ya mtu aliyekata tamaa. Anahema, anauliza habari za maktaba ninayoisimamia, namwambia hakuna msomaji aliyekuja, anahema tena. Hajawahi hata kuniita kwa jina. Mimi ni "huyo". "Huyo amekula?" "Huyo yuko wapi?"

Basi nimeamua. Jumatano nitashinda mashindano ya klabu yetu ya mtaa, ya kuendesha baiskeli polepole. Wa mwisho kuvuka mstari bila kugusa chini ndiye mshindi, na zawadi ni samaki ilish, mkubwa, mwenye mayai. Poltu ameshinda miaka mitatu mfululizo. Safari hii mzee ataniona nikipita na samaki yule mikononi, na hatahema. Nataka hilo tu. Humu hasomi mtu, kwa hiyo naandika wazi: nalitaka mpaka kifua kinauma.

Kinachohitajika ni cheni.

Jumamosi, 13 Septemba

Kwa Haradhon, fundi baiskeli. Eti kuchagua cheni ya baiskeli isiyo na gia ni jambo la kufumba na kufumbua. Mtu wa ovyo! Alinitolea mbili. Moja nyeusi, pana, sura mbaya. Ya pili nyembamba, rangi ya dhahabu, inang'aa mpaka unataka kuivaa. Akasema nichukue nyeusi. Meno ya baiskeli yangu ni mapana, na ile ya dhahabu ni ya baiskeli za gia nyingi, haitakaa. Nikamuuliza mbona ana haraka ya kuniuzia nyeusi. Akasema ni kwa sababu ndiyo inayofaa.

Hapo nikashtuka. Mke wa Haradhon ni dada yake nani? Dada yake Poltu!

Jioni nikaenda kwa Poltu kupeleleza. Nikajifanya kichwa kinaniuma. Alipogeuka kutafuta chupa, nikachuchumaa nyuma ya mlango niipime cheni ya baiskeli yake kwa uzi. Akanikuta huko. Nikasema nimeangusha kidonge. Akasema bado hajanipa.

Lakini siri nimeipata! Aliitoa mwenyewe, bila kuulizwa. Alisema yake ni cheni nyeusi ya kawaida, kutoka kwa shemeji yake, na kwamba kwenye polepole kinachotakiwa ni matako yaliyotulia, cheni ni nyongeza tu. Nani anasema ukweli kirahisi hivyo? Nyeusi ni mtego. Nachukua dhahabu.

Jumapili, 14 Septemba

Dhahabu imefungwa. Haradhon alifunga huku akipiga mluzi. Inapendeza! Nikatoka nayo mpaka mbele ya hekalu, watu wakiwa wengi, nikakanyaga pedali kwa madaha. Cheni ikapanda juu ya meno, ikakaa huko juu, haikushuka. Nikakanyaga tena. Ikateleza, nami nikateleza. Bibi mmoja aliyekuwa anauza maua alinifunika miguu kwa mashada yake ya manjano, akidhani nimezimia.

Shefali anasema ni heri ningenunua bangili, angalau yeye angevaa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimebadilisha. Haradhon alipokea dhahabu yake, akaifuta vumbi, akaitundika pale pale ilipokuwa. Matusi matupu! Sasa nina nyeusi. Ni ndefu mno, lazima ikatwe pingili kadhaa.

Hapo akili yangu ikaamka. Siri ya polepole ni cheni isiyolegea. Ukigusa pedali kidogo tu, gurudumu lijibu pale pale. Pingili ikizidi, cheni inaning'inia, unakanyaga hewa, unapepesuka, mguu chini, kwisha habari. Na nani ananikatia? Shemeji wa Poltu! Sikubali. Nikaitia cheni mfukoni, nikamwambia nitairudisha nikishapata kipimo changu mwenyewe.

"Kaka Bhabatosh," akaniambia, "ilete kesho kabla jua halijazama. Nakuomba."

Nikamwambia asinipangie.

Jumanne, 16 Septemba

Siku nzima hesabu. Uzi, chaki, rula ya maktaba. Nimefunga maktaba, hakuna aliyegundua. Nikapata idadi ya pingili za kukata. Nikahesabu upya, nikapata idadi nyingine. Nikachukua ya katikati, nikaondoka.

Nafika, namkuta nani kwenye benchi la Haradhon? Poltu, anakunywa chai! Sikutaka aone kipimo changu. Nikajibanza nyuma ya muuza vishada. Nikasubiri. Akaagiza chai ya pili! Kisha akaomba biskuti. Alipoinuka jua lilikuwa limezama, na muuza vishada alikuwa ameniuzia kishada nisichokitaka.

Nikaingia mbio. Haradhon ameoga. Amevaa shati jeupe. Spana, koleo, nyundo, na kile kichuma cha kutolea pini za cheni, vyote vimeoshwa, vimepakwa mafuta, vimepangwa mbele ya sanamu ya Bishwakarma na tembo wake, kila kimoja na nukta yake nyekundu. Nimezaliwa mtaa huu! Kila mwaka nakula vitamu vya sikukuu hii! Vifaa vikishawekwa mbele ya mungu wa mafundi haviguswi mpaka sikukuu ipite. Mji mzima hutapata mtu wa kukuazima bisibisi. Na mimi nimesahau kwa sababu ya biskuti ya Poltu.

Nilimbembeleza. Pini moja tu. Akasema kwa leo hata kucha hakati.

"Lakini mwombe mwenyewe," akasema, akanionyesha sanamu kwa kidevu.

Jumatano, 17 Septemba

Sikukuu. Vishada angani, vipaza sauti kila kona. Mzee Tarapada alishuka treni ya asubuhi, akahema mlangoni kabla hajavua viatu. Akauliza kama kweli huyo anashindana. Nikasema nashindana na nitashinda. Akahema kwa kirefu, Shefali akamletea maji.

Nikaenda kumwomba Bishwakarma, kama nilivyoelekezwa. Niliomba kwa vitendo. Nikalala kifudifudi mbele ya sanamu, paji la uso sakafuni, na taratibu nikaingiza kile kichuma ndani ya mkono wa shati. Ingekwisha hapo, lakini kuhani alivutiwa! Akawaambia watu watazame ibada ya kweli ilivyo. Akaniinua. Akaninyunyizia maji. Akaniamuru ninyooshe mikono yote miwili nipokee matunda yaliyobarikiwa. Nani anakataa matunda ya mungu mbele ya mtaa mzima? Nikanyoosha. Kichuma kikatua kwenye sinia ya shaba. Mlio wake ulinyamazisha ngoma!

Haradhon alikichukua, akakirudisha mahali pake, akakiomba radhi kichuma, mimi hakuniomba kitu. Poltu akasema nimebarikiwa sana, natokwa na vyuma mwilini.

Nyumbani nikataka kuigonga pini kwa jiwe la kusagia viungo. Shefali akasimama mbele ya jiwe na mwiko mkononi. Basi. Nikaifunga cheni hivyo hivyo, ndefu, nikaiunga kwa klipu yake isiyohitaji kifaa. Ilining'inia karibu kugusa ardhi.

Mashindano. Tulianza vizuri, sote sambamba, ninaenda kama konokono, mpaka karibu na mwisho. Hapo palikuwa na kibonde kidogo. Kla! Cheni ikadondoka. Nakanyaga pedali, inazunguka bure. Sina cha kunisogeza! Nikabana breki, nikaganda. Sikufanya ujanja wowote, ilikuwa hofu tu. Nikawa nautikisa usukani kushoto, kulia, kushoto, lakini miguu haikugusa chini. Wenzangu wakanipita. Mmoja akaanguka kwa kunitazama. Wengine wakavuka mstari. Poltu alijikokota weee, akageuka kuniangalia, naye akavuka!

Nimebaki peke yangu. Wa mwisho! Juu ya baiskeli! Na mstari uko pale mbele, karibu tu, kama kutoka kitandani hadi mlangoni. Navuka tu na samaki ni wangu.

Navukaje?

Nikaachia breki. Kuanzia hapo uwanja wetu uko sawa kama meza. Nikarusha kiuno mbele, nikarusha tena. Baiskeli ikasogea kidogo, ikasita. Watu wakapiga mayowe. Juu ya mayowe yote nikasikia sauti moja.

"Sogea, baba! Sogea, mwanangu! Usiguse chini!"

Mzee Tarapada! Amepanda juu ya kiti, mwavuli hewani! Nikaduwaa, na katika kuduwaa nikaanza kulala upande. Naanguka. Naona ardhi inakuja. Na yule mzee akaruka kamba ya kuzuia watazamaji, akakimbia kwa yale magoti yake mabovu, akatudaka mimi na baiskeli, akatusukuma wote wawili mpaka ng'ambo ya mstari huku machozi yakimtoka.

Kusaidiwa hakuruhusiwi. Waamuzi hawakujadiliana hata kidogo. Samaki ameenda kwa Poltu, mwaka wa nne.

Mzee alinishika bega njia nzima. Kila tuliyekutana naye alimsimamisha. "Mkwe wangu ndiye aliyekuwa wa mwisho! Bila cheni! Nani mwingine hapa anaweza?" Wakati wa khichuri, ule wali wa dengu wa sikukuu, alikaa ubavuni kwangu, akaniwekea biringanya zake zote za kukaanga. Hakuhema tangu mchana. Aliyehema ni mimi. Mzee kaniharibia samaki!

Alhamisi, 18 Septemba

Haradhon amekata cheni. Muda wa kupiga chafya mbili. Inakaa barabara, lakini ina faida gani leo?

Mzee alikuwa aondoke asubuhi. Haondoki! Amesema atakaa mpaka Jumapili. Aliniandalia chai kwa mkono wake, kisha akataka nimfundishe kusimama juu ya baiskeli bila kusogea. Anauliza breki nabana vipi, macho natazama wapi, pumzi naivuta lini. Maswali mengi mno kwa gadi wa treni. Kwa nini anataka kujua? Jioni nimemwona kwa macho yangu akizungumza na Poltu. Shefali anasema alikuwa anamtukana Poltu. Wapelelezi wote huanza hivyo.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimempeleka stesheni. Nilimwambia Jumapili treni hufurika, heri aondoke leo. Njiani akasema kwamba mwakani atafika mapema, twende wote wawili kwa fundi, yeye na mimi, tukachague cheni. Nikamwambia cheni si mambo ya watu wa treni. Akaitikia kwa kichwa, akapanda behewa lake.

Shefali anasema baba yake alinipungia mkono dirishani mpaka treni ikapotea, na kwamba alikuwa anaita jina langu. Mimi sikuona. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye baiskeli ya mkuu wa stesheni. Ana cheni ya rangi ya fedha, nyembamba, nzuri ajabu! Haradhon anasema haitakaa kwenye meno yangu. Nimemwambia aagize.