Nyegere, Kanga na Mkurugenzi

Kurugenzi ya Michezo ya Kukaa inayo furaha kuutangazia umma kwamba swali la programu ipi ya bure ya sataranji ina nguvu kuliko nyingine limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mimi, Imrani Mbaruku, nilikuwa katibu wa kamati iliyolishughulikia. Naeleza hapa jinsi ilivyokuwa, kwa sababu pale sokoni Majengo watu wameshaanza kulisimulia kwa namna yao, tena kwa vicheko.

Jambo lenyewe lililetwa na Mwalimu Restuta wa Gulwe. Anafundisha hesabu huko, na ana timu ya wasichana wanaocheza sataranji, waliokuwa wakijiandaa kwa mashindano ya shule za kanda. Shule yao ina kompyuta moja, kuukuu. Alikuwa amesikia kuna programu mbili zinazocheza kuliko binadamu yeyote, zote za bure, akataka kujua apakie ipi wasichana wake wajifunzie.

"Kompyuta imejaa, nafasi iliyobaki ni ya moja tu," alisema. "Nyie ndio wataalamu."

Yusra, afisa wetu wa kompyuta, alimjibu palepale, mgeni hata chai hajakaribishwa.

"Tunazichezesha zenyewe kwa zenyewe, mwalimu. Michezo mingi, muda sawa wa kufikiri, zinabadilishana nyeupe na nyeusi. Itakayoshinda mara nyingi ndiyo yenye nguvu. Ijumaa utakuwa na jibu lako."

Mkurugenzi wetu, Ndugu Castory Matonya, alipopata habari hizo alisikitika sana. Alituuliza: swali likijibiwa Ijumaa, Jumatatu ofisi itafanya nini? Ikaundwa kamati.

Kikao cha kwanza kilikwama kwenye neno "bure". Mkurugenzi alisema hawezi kuweka sahihi yake chini ya kitu cha bure. Yusra akafafanua kwamba bure hapa maana yake hailipiwi. Mkurugenzi akasema hilo analielewa, lakini mwananchi akisikia kurugenzi nzima imekaa kujadili vitu vya bure, ataelewa lingine. Tukaafikiana kuandika "programu zenye gharama tulivu". Kikao kilichofuata kilizipa majina ya Kiswahili, maana yale ya kwao yalikuwa yananishinda kuandika. Moja ikaitwa Nyegere, ya pili Kanga.

Ndipo michezo ikaanza. Nyegere iliwekwa kwenye laptopu mpya ya Mkurugenzi. Kanga ikapewa ile ya masijala, ambayo haiwaki mpaka ipigwe kofi la ubavuni. Nyegere ilishinda michezo yote, na Mkurugenzi akaniagiza nianze kuandika hitimisho.

"Hapo tumepima laptopu, Mkurugenzi," Yusra alisema. "Hatujapima programu. Tuziweke kwenye mashine zinazolingana."

Tukaziweka. Kuanzia hapo zikawa zinatoka sare. Sare zilipita mbele yetu kama mabehewa ya mizigo, moja nyuma ya nyingine, na Mkurugenzi akizitazama huku amekunja uso.

"Hii nayo ni habari njema," Yusra alisema. "Maana yake zinakaribiana. Tukiziacha zicheze michezo mingi zaidi, tofauti yake ndogo itaonekana."

"Serikali haikukaa hapa kutafuta tofauti ndogo," Mkurugenzi alijibu. "Kosa letu ni kupima kitu kwa kitu. Kipimo lazima kiwe na cheo."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya Nyegere.

Ieleweke kwamba Mkurugenzi aliwahi kucheza sataranji chuoni, na kwa maelezo yake mwenyewe, wenzake walimkwepa. Nyegere haikuwa na taarifa hizo. Ilimfunga sambusa za kikao zikiwa bado za moto. Walipocheza tena ilimla malkia, na Mkurugenzi akataka kujua kwa nini hakuarifiwa mapema. Akahamia kwa Kanga. Kanga nayo ikamfunga.

"Hii haina adabu," alisema. "Irekebishe."

"Kanga ina leveli, mzee, inaweza kushushwa," Yusra alisema. "Nyegere ndiyo haina. Hiyo ni nguvu zote wakati wote."

"Ishushe."

Yusra akaishusha. Mkurugenzi akafungwa. Akaishusha tena, akafungwa tena, ila safari hii kwa kuchelewa kidogo, jambo lililomtia moyo. Mwisho Yusra akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Hapa ndipo chini kabisa, mzee. Hapa inaweka kete popote tu."

"Hapo ndipo inapocheza kistaarabu," alisema Mkurugenzi.

Kanga ilimsogeza malkia wake mpaka mbele ya askari wa Mkurugenzi, ikamwacha hapo. Muda si mrefu mfalme wake akawa hana pa kwenda. Kamati ilipiga makofi. Nami nilipiga, nina familia.

Ripoti iliandikika kwa urahisi. Nyegere ilifunga kila mtu bila kubagua, kwa hiyo imeonekana haina uwezo wa kutofautisha. Kanga imeonyesha nguvu ya kujizuia, ambayo katika utumishi wa umma hakuna nguvu inayoizidi. Kanga ikathibitishwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na leveli yake ikafungwa palepale ilipokuwa siku ya kuthibitishwa, ili asije mtu akaichezea. Aya ya mwisho aliiandika Mkurugenzi mwenyewe: kwa kuwa ameishinda Kanga, nguvu zake ni kubwa kuliko za programu yoyote yenye gharama tulivu nchini.

Yusra aliomba jina lake lisiwemo. Nilimwambia asihangaike, tulishaliondoa.

Mwalimu Restuta akapelekewa Kanga kwenye flashi yenye nembo ya kurugenzi. Haikupita wiki alirudi nayo mkononi, na safari hii hakupitia kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa Katibu Mkuu wa wizara, Mama Mwanasha. Huyu ni mama mtaratibu, ambaye husoma ripoti mpaka mwisho. Hilo hatukulitarajia.

Tuliitwa. Ripoti ilikuwa mezani, imefunguliwa kwenye aya ya mwisho.

"Wasichana wangu wanaifunga hii huku wanamenya karanga," Mwalimu Restuta alikuwa akieleza. "Mashindano yamekaribia, mama. Wanahitaji mtu wa kuwabana. Wakienda hivi wataaibika."

Mama Mwanasha alimgeukia Mkurugenzi. "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Na Kanga ndiyo yenye nguvu kuliko zote?"

"Kwa mujibu wa vigezo, ndiyo."

"Na wewe unaishinda."

Mkurugenzi alinitazama. Mimi nikatazama dirishani, ambako upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi la kutosha kumpa mtu sababu ya kutazama.

"Ninaishinda," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi mwalimu anahangaika bure, dawa tunayo humu ndani. Nenda Gulwe ukawabane hao watoto mpaka siku ya mashindano."

"Mheshimiwa, huenda ripoti ina..."

"Ina nini?"

Mkurugenzi alifikiri. Lolote ambalo angelisema lingepinga sahihi yake mwenyewe.

"Haina tatizo," akasema.

Nilifuatana naye kwa ajili ya kumbukumbu. Tulikuta Yusra ameshapita huko, akiwa likizo kwa mujibu wa rekodi zetu, ameifuta Kanga na kuwapakia Nyegere. Asubuhi wasichana walijifunza kwa Nyegere. Mchana, wakishachoka, waliletewa Mkurugenzi.

Walianza naye wale wa kidato cha kwanza. Mwanzoni kila akifungwa alieleza kwamba ni mbinu ya kuwapa moyo. Baadaye akalaumu mwanga wa dirishani, tukamhamisha kiti. Kisha akaacha kueleza. Alikaa kidevu kwenye ngumi, koti ameliweka kando, akitazama ubao wa sataranji kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama faili. Mchana mmoja nilimsikia akimuuliza Mwalimu Restuta, taratibu, yule farasi alikuwa ametokea wapi. Mwalimu akakaa naye, akamwonyesha.

Siku ya mwisho alipangiwa nahodha wao, Anastazia, msichana mpole asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

Alimfunga vizuri, bila haraka, na Mkurugenzi kwa mara ya kwanza akampa mkono mtu aliyemshinda. Anastazia aliupokea kwa mikono miwili. Hakuondoka. Alimtazama Mkurugenzi juu mpaka chini, kwa heshima zote, kama mtu anayetafuta mahali pa kubonyeza.

"Samahani, mzee," alisema. "Wewe leveli yako inapandishiwa wapi?"

Mkurugenzi alinigeukia. Nikaandika kwamba swali limepokelewa na linafanyiwa kazi.