Njia ya Baba, Maharage ya Melania

Jumatatu, 16 Juni 2025

Njia ya waendao kwa miguu imekamilika! Zege safi, pana, imeinuliwa juu ya barabara kwa kingo imara, kutoka sokoni mpaka parokiani. Pembeni yake kuna ukanda wa baiskeli uliochorewa mstari mweupe. Imejengwa na halmashauri, kwa mapato yake ya ndani. Sawa. Lakini nani alisimama kwenye kila mkutano wa kijiji kuidai, mpaka mwenyekiti Idefonsi akawa anafungua mkutano kwa kusema, "Skola, kaa kwanza"? Mimi. Shahada ya mipango miji haijanipa kazi. Imenipa njia.

Sababu yangu ya kweli hakuna anayeijua. Ni Baba. Macho yake yameingia ukungu, na mwaka jana lori la kwenda Kabanga lilimpita karibu mno, likamtupa mtaroni yeye na kofia yake. Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Mzee Bernardo, nguzo ya besi katika kwaya, sasa anaimbia redio. Nikitaka kumshika mkono anajibu kwamba yeye si mbuzi wa kuvutwa kamba. Nikitaja bodaboda anasema amekwisha kujaribu mtaro, inatosha.

Jumapili ni sikukuu ya Ekaristi. Baba atakwenda misa ya pili kwa miguu yake, mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Nimeapa.

Jumanne, 17 Juni

Maafa!

Nimekwenda kuitazama njia yangu baada ya chai. Haipo. Yapo maharage. Maharage mekundu, ya njano, ya madoadoa, na katikati yake muhogo mweupe umelala kama mgonjwa. Kutoka sokoni mpaka parokiani, yote yameanikwa.

Nilipaswa kujua. Ni mwezi wa mavuno. Uani kwetu maharage hulala kwenye udongo na kuingia mchanga. Halmashauri inaleta zege safi, linalopigwa na jua kutwa. Nani asingeanika? (Mimi. Mimi nisingeanika. Mimi ninafikiri.)

Waendao kwa miguu wameshuka barabarani, pale pale penye malori. Baiskeli nazo zimeshuka.

Sehemu bora kabisa, penye kona ya parokia, imekaliwa na Melania. Tulikaa dawati moja shule ya msingi. Yeye aliishia darasa la saba na kubaki na ulimi. Nikamweleza kwa utulivu kwamba hii ni miundombinu. Akasema, "Asante, mwalimu, tumeipenda sana," wanawake wenzake wakacheka mpaka kuku wakapata nafasi ya kudonoa. Kisha akaongeza kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, jambo kuhusu wasichana wanaosoma mpaka wanasahau kwamba maharage mabichi huoza.

Nilikuwa na jibu kali. Lilinijia nyumbani, nikiosha masufuria.

Jumatano, 18 Juni

Nimeamua kutumia mamlaka. Sina mamlaka, lakini nina ubao na rangi. Nimeandika kwa herufi kubwa, nikasimika mwanzo wa njia:

KUANIKA HAPA NI MARUFUKU BILA KIBALI.

Hayo maneno mawili ya mwisho niliyaongeza ili tangazo liwe na uzito wa kisheria. Kosa dogo. Kabla ya mchana watu walikuwa wamejipanga nyumbani kwa Idefonsi kuomba kibali. Hata waliokuwa hawana habari na njia walikuja mbio, kwa maana kitu kinachoombewa kibali lazima ni kizuri. Idefonsi hakujua kibali hicho kinatoka wapi, lakini si mtu wa kurudisha watu. Alichukua chaki, akapita njia nzima akiigawa viwanja, kila kimoja na herufi ya mwenyewe.

Melania ana M kubwa penye kona. Amepewa nafasi kubwa kuliko ya jana.

Idefonsi alinisimamisha mbele ya watu akanishukuru kwa kuleta utaratibu. Walinipigia makofi. Nilitabasamu. Sikujua nifanye nini kingine na uso.

Mama naye alirudi jioni akiwa na chaki kwenye kitenge. Sikuuliza. Nina mambo makubwa ya kufikiri.

Alhamisi, 19 Juni

Sheria imeshindwa. Leo nimejaribu nguvu ya umma.

Umma ni Modestus, kijana anayepeleka ndizi sokoni Kabanga kwa baiskeli, mikungu miwili kushoto, miwili kulia, na mmoja juu kama abiria. Nilimweleza kwamba ukanda ule ni haki yake. Ndugu zetu wanaobeba ndizi wanabanwa na malori kila siku ilhali halmashauri imewatengenezea mahali. Apite humo humo! Asishuke! Akipita mmoja, wote watapita. Niliongea vizuri. Modestus aliitikia kwa kichwa kizima, akasema, "Dada Skola, leo ndiyo leo."

Nikajificha nyuma ya ukuta wa duka kushuhudia historia.

Alikuja kwa kasi, kifua mbele. Alipofika penye maharage ya kwanza akafunga breki. Akashuka. Akaegemeza baiskeli kwenye ukingo, akavua kandambili, akapita pembeni kwa vidole kama anaingia sakristia. Nikamwita kwa mkono: twende! Akaniangalia kama mtu niliyemtuma kumpiga mama yake. Akasema chakula hakikanyagwi. Kwao hata punje moja ikianguka huokotwa kwanza ndipo mtu apite.

Kwetu pia. Nilikuwa nimelisahau hilo kwa sababu za kitaaluma.

Mwishowe alimsaidia Melania kugeuza maharage yapate jua upande wa pili, na Melania akanunua mkungu. Waliagana wakicheka. Nilibaki nyuma ya ukuta kwa muda, ili nisionekane nikitoka nyuma ya ukuta.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefikiri kwa kina. Binadamu anaheshimu chakula. Basi ninahitaji asiye binadamu.

Asubuhi niliisahau kamba ya mlango wa banda. "Niliisahau." Mbuzi wetu wote wakatoka wakaelekea barabarani kana kwamba nimewaandikia barua. Nikawafuata kwa mbali, mwendo wa mtu asiyehusika.

Walimpita Melania. Hawakugusa hata ganda! Wakapita M, wakapita muhogo, wakapita maharage ya watu wote wema na wabaya, wakaenda moja kwa moja mpaka kiwanja kidogo karibu na kalvati, palipoandikwa D. Wakainamisha vichwa.

D ni Deodata. Deodata ni Mama.

Maharage yale bado yalikuwa na maganda yake, yale yale anayowatupia bandani kila jioni. Waliyajua. Mimi sikuyajua.

Aliyewahi kuwafukuza si mimi. Ni Melania, na ufagio wake, akipiga kelele mtaa mzima kwamba mbuzi wa Mama Skola wamekata kamba, njooni, mwenzetu ataliwa mavuno yake. Wanawake walikuja wakaokota mpaka punje ya mwisho iliyobaki. Nusu imepona. Melania alinikabidhi kamba ya mbuzi mkononi. Haikuwa imekatika. Aliitazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye maharage yake.

Alinyamaza! Huyo mwanamke hana huruma kabisa.

Mama hajanigombeza. Amepika maharage mchana na amepika maharage jioni, akaniwekea mengi.

Jumamosi, 21 Juni

Baba amenyoa ndevu.

Amejinyoa kwa kupapasa, amejikata mahali kidevuni, na amemwomba Mama suti ya kijivu. Anasema amesikia njia imekwisha, na kwamba binti yake ndiye aliyeipigania. Amesema hivyo akiiambia redio, si mimi, lakini nilikuwepo. Kesho atakwenda misa ya pili. Peke yake. Ameniuliza zege hilo likoje, nikamwambia ni laini, pana, halina kitu.

Halina kitu!

Sikuweza kumwambia. Ameshakunja leso yake mfukoni. Akikwaa lundo la muhogo mbele ya watu hatatoka tena nyumbani, namjua. Atasema miguu inamuuma, na miguu itamuuma mpaka mwisho. Atashuka barabarani kukwepa, na barabarani nakujua.

Nimeazima ufagio. Kesho jogoo akiwika nitafagia upande mmoja mwenyewe, na atakayenizuia anizuie. Nitamtangulia Baba bila yeye kujua. Mpango ni rahisi. Hauna mbuzi.

Jumapili, 22 Juni

Nilipitiwa na usingizi.

Nilipoamka kiti cha Baba kilikuwa kitupu na fimbo haipo. Nilikimbia na ufagio, viatu mkononi. Njia ilikuwa imejaa: waliotoka misa ya kwanza walikuwa wamekwisha kuanika na kukaa kufukuza kuku. Lori lilipita likipiga honi. Moyo wangu ulipita nalo.

Kisha nikamwona. Suti ya kijivu, juu ya zege, mbele kabisa. Fimbo yake iligusa ukingo wa turubai la mtu. Akasimama. Akageuza uso upande wa barabara.

Nilifungua mdomo. Melania akaniwahi.

"Shikamoo, mzee Bernardo! Kushoto kidogo, baba, hapo mbele kuna maharage ya Skola mwingine, si wako."

Baba akasema marahaba, akauliza kama hii si sauti ya binti wa marehemu Frednand, yule aliyekuwa akichelewa mafundisho ya komunio. Melania akasema ndiye, na bado anachelewa. Baba akacheka! Akaenda kushoto. Penye mwisho wa kiwanja hicho mwanamke mwingine akadakia shikamoo, akauvuta mkeka wake mbali na ukuta. Kisha mwingine. Waliitana mbele: mzee anakuja, ondoa hilo lundo, mwachie upande wa ukuta. Kila sauti ilimpokea na kumkabidhi kwa nyingine. Mmoja alimpa pole ya macho, mwingine alitaka kujua kwaya imebaki na nani wa kuimba besi, maana siku hizi wanaimba kama wagonjwa. Penye kalvati aliuliza nani aliliwa na mbuzi, akaambiwa ni mke wake, akacheka tena mpaka akakaa ukingoni kupumzika.

Hakuna aliyemshika mkono. Hata mmoja.

Alifika Gloria ikiwa imekwisha. Sikuingia mara moja. Nilikaa nje na ufagio wangu mpaka wimbo wa katikati, na besi ilipoingia, dirisha la upande wangu lilitetema. Nililia kidogo. Ni vumbi la maharage ya mtu.

Wakati wa kurudi alinikataza kutembea naye karibu. Alisema ana watu wa kuwasalimia.

Jumatatu, 23 Juni

Ushindi kamili. Nimepitia wiki nzima kwa makini na ni wazi kwamba kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Bila tangazo langu kusingekuwa na viwanja. Bila viwanja kusingekuwa na mtu kila baada ya hatua kadhaa. Hata mbuzi wana sehemu yao. Melania alisaidia kidogo, kwa bahati.

Mhandisi wa halmashauri amepita leo kuikagua njia. Alisimama muda mrefu mbele ya maharage. Idefonsi alimhakikishia kwamba tangu wazaliwe hawajaona mradi wenye matumizi makubwa namna hii. Mhandisi alisema awamu ya pili itafika zahanati, ila watu waache nafasi ya kupita na ya baiskeli. Melania akajibu kwamba upande wa ukuta sasa ni wa mzee Bernardo, na Modestus ameshaomba upande wa barabara, kwa hiyo hilo limekwisha.

Kisha balaa. Wakati wa chakula Baba aliuliza muhogo huwa unakauka kwa siku ngapi. Mama akasema jua hili ni kali, wiki hii wataanua wote. Baba akaacha kutafuna. Akauliza sasa Jumapili ijayo yeye atakuwa anapita na nani, na zege tupu lina faida gani kwa mtu asiyeona. Akasema miguu inamuuma kidogo.

Miguu!

Kwa hiyo sina wakati wa kupoteza. Rangi imebaki nusu kopo, na ubao nitaupindua upande wa pili. Kesho mapema, kabla Melania hajaanza kukusanya, nitausimika palepale, na safari hii sitaongeza neno la ziada lolote la kuwachanganya watu:

KUANIKA HAPA NI LAZIMA.