Taa Inayopaka Rangi Bila Kibali cha Chama

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Rangi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA TAA YA DARINI KWANGU, INAYOFANYA UFUNDI RANGI BILA KUWA MWANACHAMA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mikono yako ikiwa safi kwa kadiri mikono yetu inavyoweza kuwa safi. Mimi ni mwanachama wako wa miaka ishirini na sita, yule mnayemwita Mkono wa Pili kwa sababu sijawahi kumwachia mteja ukuta uliopakwa mara moja tu. Sijawahi kulalamika, hata mwaka ule katibu alipoazima rola yangu na kuirudisha imekauka kama gunzi. Leo yamenifika shingoni.

Kwanza nieleze mazingira. Sebule yetu ina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo hata saa saba mchana mtu hutafuta miwani yake kwa kupapasa. Kuta zake zimepigwa lipu na skimu ya kulainisha, nzuri sana, kazi ya mikono yangu, na zimekaa hivyo hivyo, kijivu, zikisubiri rangi kwa miaka tisa. Ni bora kamati ilisikie hilo kwangu kuliko kwa watu wa pembeni. Si kwamba sijafanya lolote. Karibu na dirisha nimepaka vipande vya majaribio, kila kimoja upana wa kiganja, jumla arobaini na vitatu, vyote na namba kwa penseli. Kila kazi niliyomaliza mjini nilirudi na rangi iliyobaki chini ya ndoo, nikapaka kipande, nikamwambia mke wangu: Jumamosi.

Mke wangu ni muuguzi. Wodi anayofanyia kazi niliipaka mimi, kijani chini na nyeupe juu, na mpaka leo mstari wa katikati umenyooka. Ndiyo kusema kazi yangu anaiona kutwa nzima, kisha anarudi nyumbani asikoiona hata kidogo. Mimi nilihesabu kwamba ameshapata fungu lake.

Mwezi uliopita aliacha kuuliza habari za Jumamosi. Nikadhani hatimaye amenielewa. Kumbe alikuwa amekwenda dukani na binti yetu kuchagua taa, tena si taa ya kuwaka na kuzimika kama taa zenye adabu, bali ya kubadilisha rangi kwa simu.

Muuza taa aliwauliza maswali manne, nami nimeyapata kwa binti yetu, ambaye hajui kuficha. Chumba kina ukubwa gani? Dari iko juu kiasi gani? Mnataka mwanga wa kusomea au wa kukaa tu? Na kuta zina rangi gani? Kwa swali la nne mke wangu alijibu, "Hazina rangi. Mume wangu ni fundi rangi." Muuzaji akacheka, akaona anacheka peke yake, akasema basi wachukue ile duara kubwa, maana ukuta wa kijivu hunywa mwanga. Kwa hiyo hata ukubwa wa mshtakiwa umetokana na mimi. Nalisema hilo ili kamati ione kwamba sifichi kitu.

Aliyeifunga ni fundi umeme mnayemjua wote, Tesita, mtu niliyemhesabu rafiki. Alizima swichi kuu, akashusha kishikio cha balbu ya zamani, akakaza skrubu nne darini, akaunganisha nyaya, akaizungusha taa mpaka ikakaa. Ngazi aliyopandia ni yangu. Aliyemshikia ngazi ni mimi. Ngazi hiyo imepanda kuta za nusu ya mji, na siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufunguliwa sebuleni kwangu tangu tuhamie. Tesita alilitambua hilo, akaguna, akaendelea na kazi. Mguno ule ninao mpaka leo.

Kisha taa ikaunganishwa na simu ya mke wangu, na simu ikataka taa ipewe jina. Mke wangu akaandika: Fundi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Haijapitia uanagenzi. Mimi niliosha brashi za watu miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kugusa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wa chooni, nyuma ya mlango. Taa hii imeanzia sebuleni, darini, siku ya kwanza.

2. Haifuati hatua. Haikwangui, haipigi msasa, haitandiki magazeti sakafuni. Mchana wa kwanza pekee ilibadilisha rangi ya sebule mara kumi na moja. Nilihesabu nikiwa nimekaa. Kila mara mke wangu na binti yetu walisema "Aaa!" Katika miaka ishirini na sita hakuna mteja aliyewahi kuniambia "Aaa". Mimi huambiwa, "Na pale kwenye kona?"

3. Inawadekeza wateja. Mteja akibadili mawazo, haiguni. Haisemi, mama, ungeniambia kabla sijachanganya. Inabadilika tu. Mtu akishazoea hayo, nani atamrudisha kwenye kusubiri rangi ikauke?

4. Imechukua jina langu na kulitumia vizuri kuliko mimi. Kila mke wangu anapoigusa simu, hutokea maandishi: "Fundi yuko tayari." Binti yetu huyasoma kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. Siku ya tatu nilichungulia kutoka bafuni na povu masikioni, nikapiga kelele kwamba bado sijawa tayari. Mke wangu akajibu kutoka sebuleni, "Hilo tunalijua."

5. Imehujumu kazi ya mwanachama. Nilikuwa na kazi ya kupaka ofisi ya Mwalimu Mkuu wa shule iliyo jirani, naye alitaka krimu. Nikachanganya ndoo nzima sebuleni kwangu, chini ya taa, bila kujua kwamba binti yetu ameiweka kwenye kile wanachokiita machweo. Rangi niliiona ya njano kupita kiasi, nikatia buluu kidogo. Bado njano, nikatia tena. Ofisini, mbele ya dirisha kubwa, ukuta ulitoka na rangi ya maji yaliyooshea brashi. Mwalimu Mkuu akauliza kwa upole, "Fundi, hii ndiyo krimu?" Nikamwambia asubiri ikauke. Ikakauka, ikazidi. Ikabidi nirudie ofisi yote, na siku niliyorudia ilikuwa Jumamosi, tena ile Jumamosi niliyomwahidi mke wangu. Naiomba kamati ilitazame jambo hili kwa makini. Taa ilijua kwamba nikipata Jumamosi yangu, yenyewe itakosa kibarua.

6. Imenivunjia heshima kwa mama mkwe. Tangu tuhamie hapa, mama akija huchagua kiti cha karibu na mlango na kuzipa kuta mgongo, kwa kunistahi. Jumapili iliyopita alikuja baada ya chakula cha mchana, na taa ilikuwa kwenye rangi ya asali. Akasimama mlangoni na mkono kifuani. "Mwanangu," akasema, "kumbe umepaka!" Mke wangu alikuwa jikoni. Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa na nafasi pana kabisa ya kusema kweli, na nikasema, "Ahsante, mama." Akakigeuza kiti. Akanisifu kikombe kizima cha chai. Akasema siku zote alikuwa akimwambia binti yake amvumilie mumewe, ni mtu wa kazi nyingi. Katikati ya kikombe cha pili umeme ukakatika.

Kuta zikarudi kijivu mbele ya macho yake, pamoja na vile vipande arobaini na vitatu na namba zake za penseli. Mama akautazama ukuta, akanitazama mimi, akamalizia chai yake. "Pole, baba," akasema. Afadhali angenigombeza.

Alipoondoka nilijiandaa kwa ugomvi. Haukuja. Mke wangu alikusanya vikombe, akapita kwenye vile vipande, akaweka kidole juu ya namba moja, kile cha chini kabisa, chenye rangi ya ndani ya pera lililoiva. "Hiki nilikichagua siku tuliyohamia," akasema. "Hivi vingine vyote ni vyako." Kisha akaenda kuosha vikombe, na umeme uliporudi hakuna aliyeiwasha taa.

Roho iliniuma, Ndugu Mwenyekiti, na kwa kuwa sisi ni watu wa kazi moja nitakwambia nilipoumia. Kwa mteja, nikimaliza nakunja ngazi naondoka. Kona ikiwa imekosewa, atakaa nayo yeye. Nyumbani siondoki. Nikikosea pale, nitaketi mbele ya kosa langu kila jioni ya maisha yangu, na mke wangu pembeni yangu, mpole, akisema si mbaya. Naijua hiyo "si mbaya". Wateja wamenipa mara nyingi na nimeimeza, ila kutoka kwake sitaiweza. Nimeziogopa kuta nne kwa miaka tisa. Taa haina hofu hiyo, maana ikikosea inabadilisha. Ndiyo sababu nasema ushindani huu si wa haki.

Kwa hayo yote naomba chama kiiite taa mbele ya kamati ya nidhamu. Kwa kuwa haiwezi kushuka, kamati ije kwangu Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri. Naomba iamriwe kuosha brashi miaka mitatu. Naomba katiba irekebishwe ili jina la fundi asipewe yeyote asiye na magoti yanayouma. Ikikana makosa, ipewe mtihani ule ule ulionipa wewe mwenyewe: ipake nyuma ya kabati bila kulisogeza kabati. Mwisho kabisa, iwekwe mbele ya kipande namba moja na itakiwe kuitoa rangi hiyo hiyo, mke wangu akiwepo, na ikishindwa atangaziwe rasmi kwamba imeshindwa. Hili ndilo kubwa. Hayo mengine kamati inaweza kuyapunguza.

Nisalimie wajumbe wote, na mama anayetuchemshia chai pale ofisini, na mlinzi wa getini, na shemeji yangu mkeo, ambaye namkumbuka kwa jinsi alivyovumilia harufu ya vanishi mwezi mzima. Nisalimie hata katibu. Ile rola nimemsamehe.

Ni mimi mwanachama wako, mwenye brashi kavu na moyo mzito,

Fundi Mkono wa Pili
(wa sakafuni, si wa darini)

Nyongeza, Ijumaa jioni:

Barua hii niliifunga Jumanne, ila katibu alinijulisha kwamba ofisi haifunguliwi mpaka kesho, Jumamosi. Nimeifungua tena kwa sababu mambo yamegeuka.

Kwa kuwa napenda haki, Jumatano niliona nimpe mshtakiwa mtihani wa mapema. Binti yetu alizungusha kidole kwenye simu saa nzima akiitafuta rangi ya kipande namba moja. Haikupatikana. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi Tesita alipopita, akasema taa haina kosa: juu ya ukuta wa kijivu hakuna mwanga utakaosema kweli, ipeni kwanza ukuta wenye rangi. Ikanibidi nimtendee haki mshtakiwa. Jana mke wangu alipokwenda zamu nilifungua ngazi. Rangi ya namba moja niliichanganya nje, juani. Mkono wa kwanza nilimaliza kabla ya saa nne, na wa pili baada ya chakula cha mchana. Kwenye kona iliyo mbali na dirisha nilikuwa sioni kitu, nikaiwasha taa, nyeupe ya kawaida, nayo ikanimulikia mpaka mwisho bila kunihimiza. Vipande arobaini na viwili nilivifunika. Namba moja sikuigusa, na sasa sijui iko wapi.

Mke wangu alirudi saa kumi na moja. Alisimama mlangoni na mkoba begani muda mrefu, hata nikaanza kumweleza habari za ile kona. Hakusema "Aaa". Hakusema "si mbaya". Alikaa kwenye kiti cha mama yake, akavua viatu, akalia kidogo, akaomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote, namba moja hadi sita, na naomba taa ipokewe chamani kama mwanagenzi. Mdhamini wake nitakuwa mimi. Jumamosi ya wiki ijayo njooni hata hivyo, mama mkwe atakuwepo. Ila msije mkitegemea maonyesho. Rangi inazo milioni kumi na sita, wanasema, na tangu jana jioni imekaa kwenye nyeupe ya kawaida. Nimemwuliza mke wangu mbona haibadilishi. Amesema akiibadilisha hatauona ukuta wake.